Ufunguo wa Darini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zornitsa alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne kumpelekea jirani yao Bibi Tsona mkate wa moto. Mama yake Zornitsa alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate, kwa hiyo kwao mkate haukukosekana. Bibi Tsona naye, aliyeishi peke yake na magoti yake mabovu, hakuwahi kumrudisha mtoto mikono mitupu. Ukifika msimu wa pilipili hoho, alimpa moja iliyochomwa, ikamenywa na kujazwa jibini, akamsimamia mpaka aimalize.

"Kula, mjukuu wangu," alizoea kumwambia. "Ukikonda, watasema sisi watu wa mji huu wa Gabrovo tunabania hata watoto."

Asubuhi moja ya Septemba Zornitsa aliukuta mlango wa Bibi uko wazi. Ndani, juu ya kigoda kilekile alichozoea kukikalia yeye, alikuwa amekaa Viara, msichana wa ghorofa ya kwanza aliyesoma naye darasa moja. Shavu lake lilikuwa limetuna kwa pilipili hoho.

"Karibu, Zori!" Viara alisema huku akitafuna. "Mama kanituma kwa Bibi mambo ya bima, nimeishia kulishwa."

"Pilipili ziko tele," Bibi Tsona akacheka. "Keti basi, nikuchomee na wewe."

"Nimechelewa, Bibi," Zornitsa akajibu. Aliuweka mkate mezani, akashuka mbio. Hakuwa amechelewa hata kidogo. Kilichomkimbiza ni wivu, na wivu huo haukuanza siku hiyo.

Babu yake, mzee Stamen, alikuwa msimamizi wa jengo lao tangu Zornitsa hajazaliwa. Bomba likipasuka, yeye ndiye aliyemwita fundi. Mtu akiacha baiskeli ngazini, yeye ndiye aliyemfokea. Zornitsa alikua akisikia watu wakisema, "Huyu ni mjukuu wa Stamen," na alijiona mtu mkubwa. Kisha, theluji ilipoyeyuka mwaka huo, wenye nyumba walifanya mkutano wao, na aliyechaguliwa kuwa msimamizi mpya ni Shangazi Nevena, mama yake Viara, ambaye hata hakuwa mkazi wa siku nyingi. Babu alirudi kutoka mkutanoni, akavua viatu, akaomba chai. Hakusema zaidi ya hapo, wala Zornitsa hakumwuliza. Aliamua mwenyewe, kichwani mwake, kwamba babu amenyang'anywa cheo na kwamba kimya chake ni cha uchungu.

Tangu hapo kila jema la ghorofa ya kwanza lilimchoma. Viara akipata alama nzuri, roho inamuuma. Jirani akimwambia Viara, "Msalimie mama, jembe lile!" roho inamuuma. Shangazi Nevena alipoweka taa mpya ngazini, Zornitsa alinuna siku nzima, ingawa taa hiyo ilimmulikia na yeye.

Sasa likawa limekuja hili la bima. Alasiri ile, kwenye benchi mbele ya jengo, Viara alikuwa akiwaeleza watoto wenzake.

"Kila nyumba inatia kidogo kwenye chungu kimoja," alisema. "Ukitokea moto, au tetemeko, au paa likang'oka, kampuni inalipa matengenezo. Lakini lazima jengo zima likatiwe bima kwa pamoja. Paa ni moja na msingi ni mmoja. Huwezi kukatia bima kipande cha paa."

"Na yasipotokea hayo?" Zornitsa akauliza.

"Basi tunamshukuru Mungu."

"Yaani tunalipia mvua ambayo haijanyesha! Babu yangu hakuwahi kututoza mvua."

Watoto wakaangua kicheko. Viara naye akacheka, tena bila kinyongo, na hilo ndilo lililomkera Zornitsa zaidi. Ni vigumu kumchukia mtu anayecheka utani wako, lakini Zornitsa alijitahidi.

Kusema kweli, kuwashawishi watu wa jengo lile watoe hela haikuwa kazi ya mchezo. Mtu wa Gabrovo huigeuza sarafu pande zote mbili kabla hajaiaga, na habari za ubahili wake huzisimulia mwenyewe kwa fahari. Shangazi Nevena alibisha hodi mlango kwa mlango. Alikunywa kahawa nyumba hadi nyumba mpaka mikono ikamtetemeka, akajibu maswali yaleyale kwa uvumilivu, na mwishowe wote wakakubali. Kilichobaki ni mkaguzi wa kampuni ya bima kuja kuliangalia jengo, kuanzia ghala za chini mpaka vigae vya paa.

Siku moja kabla ya ukaguzi, babu alikuwa akifunga mfuko wake wa safari. Alikuwa anakwenda kijijini kwa kaka yake kuvuna zabibu. Alitoa kwenye msumari ufunguo mkubwa wa chuma, akamwekea Zornitsa kiganjani.

"Zori, huu ni wa mlango wa darini, kule chini ya paa, na hakuna mwingine. Mkaguzi anakuja kesho. Nevena akiuulizia, mpe."

"Kwa nini usimpe mwenyewe, Babu?"

"Nimembishia hodi, hayupo, na basi halinisubiri mimi. Kwani wewe huna miguu? Nitarudi Jumapili."

Babu akaondoka. Zornitsa alibaki ameutazama ule ufunguo. Ulikuwa mzito, na baridi, na ndicho kitu pekee cha usimamizi kilichokuwa kimebaki kwao. Taa za ngazini wamechukua, aliwaza. Watu wamechukua. Bibi Tsona wamemchukua. Na huu nao?

Jioni mlango uligongwa. Alikuwa Viara.

"Habari za jioni, Zori. Mama anaomba ufunguo wa darini. Babu yupo?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Zornitsa, umemlalia pajani.

"Kasafiri," akasema. "Kaondoka nao."

"Eti? Una hakika?"

"Si nimekwambia? Mama yako ni msimamizi gani asiye na funguo?"

Viara akasema taratibu, "Basi tutampigia simu."

"Jaribuni. Kule bondeni simu haishiki."

Hilo la simu lilikuwa kweli, na ukweli huo mdogo ukaufunika uongo mkubwa. Viara alishuka ngazi. Zornitsa alifunga mlango.

Kesho yake, watoto walipokuwa wamerudi kutoka shuleni, mkaguzi alifika. Jina lake lilikuwa Panov, bwana mrefu mwenye viatu vinavyong'aa. Bibi Tsona alikuwa ameshuka ghorofa zote kwa magoti yake yale, kashika kikombe cha maji. Hiyo ndiyo desturi: anayeanza jambo kubwa humwagiwa maji kizingitini, ayavuke, ili jambo lake liteleze kama maji yanavyoteleza. Kila siku ya kufungua shule, Bibi alimmwagia Zornitsa. Leo alimmwagia Shangazi Nevena.

"Piteni, wanangu, jambo liende kama maji!" Bibi alisema, akamimina kikombe chote. Bwana Panov akavuka kwa kuinua viatu vyake juu kama jogoo kwenye tope, na watu wakacheka. Zornitsa, aliyekuwa amesimama ngazini, hakucheka. Hata maji sasa ni yao, aliwaza.

Mkaguzi aliziona ghala, akaziona nyaya, akagonga kuta, na kila alichokiona alikiri kwamba kiko sawa. Halafu akafika kwenye mlango wa darini, na mlango ukawa umefungwa.

"Samahani, mama," alimwambia Shangazi Nevena. "Paa sijaliona, na siwezi kusema nimeliona."

"Na tukivunja kufuli?"

"Kufuli ni lenu, lakini kuna wengine wananisubiri. Ningeliona paa leo, kesho asubuhi mngeamka mna bima. Sasa itabidi nirudi wiki ijayo."

Shangazi Nevena aliona haya mpaka shingo ikawa nyekundu. Jirani mmoja akanung'unika kwa sauti ya kusikika, "Enzi za Stamen jambo kama hili lisingetokea."

Maneno hayo yalimwingia Zornitsa kama asali. Usiku ule alikula akaongeza. Alimwona Viara akishuka ngazi ameshika mkono wa mama yake, akajilazimisha kutazama pembeni.

Raha hiyo ilidumu mpaka Jumamosi. Mchana wake mbingu ilifunga ghafla juu ya milima, upepo ukavuma, na mvua ya mawe ikaanza kushuka. Yalikuwa mawe makubwa kama mayai ya njiwa. Yalipiga mabati ya roshani, yalipiga magari, na juu kabisa watu walisikia vigae vikipasuka kimoja baada ya kingine. Kisha mawe yakakoma, ikabaki mvua tupu, nzito, isiyo na huruma. Hapo ndipo Zornitsa aliposikia kilio kutoka ghorofa ya nne.

Alipanda mbio. Dari ya chumba cha Bibi Tsona ilikuwa imeporomoka juu ya kitanda, na maji yalikuwa yakichuruzika ukutani kama mtu amesahau bomba wazi. Shangazi Nevena na Viara walikuwa wameshafika, wanatoa blanketi na picha na mitungi ya mboga alizosindika kwa ajili ya majira ya baridi. Majirani walikuwa wakipokezana mabeseni. Bibi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kile kigoda, katika ujia, kaikumbatia picha ya marehemu mumewe.

"Ni mimi," alikuwa akilia. "Ni maji yangu! Nilimwaga kikombe kizima, nikasema jambo liende kama maji. Nimeyaita mwenyewe!"

"Si wewe, Bibi, ni mvua tu," Shangazi Nevena akambembeleza.

"Ni mimi, usinifiche! Mzee mzima, nimewaletea mkosi. Jengo halina bima na mimi nimewaitia mafuriko!"

Shangazi Nevena akawageukia majirani. "Lazima tupande darini tutandike turubai, la sivyo hata ghorofa ya tatu itaingia maji. Mwenye shoka alete, tuvunje mlango."

Jirani mmoja akashuka kutafuta shoka.

Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa koti la Zornitsa. Tangu siku ile alikuwa akitembea nao, kwa kuogopa mama yake asiuone. Akaelewa papo hapo kwamba ana bahati. Shoka likija, mlango utavunjwa, na hakuna atakayejua kitu. Ilimtosha kukaa kimya. Lakini Bibi Tsona alikuwa bado analia, anajipigapiga mkono wa kulia, ule ulioshika kikombe, kana kwamba mkono huo ni mtoto mtundu. Zornitsa aliona kwamba akinyamaza, Bibi ataubeba mzigo huu mpaka kaburini, na mzigo si wake.

"Bibi," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimtisha. "Si maji yako. Ni huu hapa."

Akautoa ufunguo, akaunyoosha mbele ya watu wote.

"Babu aliniachia mimi. Nilimdanganya Viara."

Maji yaliendelea kudondoka kwenye mabeseni. Zornitsa alitamani sakafu ipasuke immeze. Shangazi Nevena aliutazama ufunguo, akamtazama mtoto, akauchukua.

"Maneno baadaye," alisema. "Viara, turubai. Zornitsa, shika ncha ya pili. Twendeni."

Darini upepo ulikuwa unaingia kwenye matundu ya vigae. Wasichana wawili walilivuta turubai huku na huku, wamelowa chapachapa, mpaka Shangazi Nevena na majirani wakalifunga vizuri kwenye boriti. Walipomaliza, Viara alijifuta uso kwa mkono.

"Mama alilia siku ile," alisema bila kumtazama mwenzake. "Alisema labda kazi hii haiwezi."

"Nilikuwa naona wivu," Zornitsa akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo, hata kwa nafsi yake.

"Wivu wa nini?"

"Wa kila kitu. Wa mama yako. Hata wa ile pilipili hoho."

"Asubuhi ile ningeweza kuondoka mapema. Nilikaa kwa sababu Bibi aliniambia unakuja. Mimi hapa jengoni sina rafiki, Zori."

Machozi yalimtoka Zornitsa, akashukuru kwamba uso wake ulikuwa umeshalowa kwa mvua.

Babu alirudi Jumapili na kreti la zabibu. Kabla hajavua koti, Zornitsa alimweleza yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kujipunguzia lawama. Babu aliliweka kreti chini polepole, akaketi.

"Na nani kakwambia mimi nimenyang'anywa?"

"Hakuna. Lakini ulinyamaza..."

"Nilinyamaza kwa sababu nilichoka, mtoto wee! Jina la Nevena nililitaja mimi mwenyewe mkutanoni, na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa huu." Akauinua, kama bado yuko mkutanoni. "Unajua niliwahi kuwaomba majirani tukate bima, wewe bado hujazaliwa? Walinicheka. Walisema Stamen anataka tulipie mvua ambayo haijanyesha. Nikaona aibu, nikaacha. Huyu mama kaja, kacheka nao, kanywa kahawa yao, kaweza. Nilifurahi mno, Zori. Kazi iliyonishinda mimi ilikuwa imebakiza mlango mmoja tu, na mlango wenyewe umeufunga wewe."

Zornitsa alikumbuka utani wake wa pale benchini, na jinsi alivyojiona mwerevu.

"Nifanye nini, Babu?"

"Nevena alibisha hodi kila mlango akiomba kitu kizuri. Na wewe kabishe kila mlango uombe radhi. Uanze na wa ghorofa ya kwanza."

Alibisha yote. Wengine walimkaripia, wengine walimpa biskuti wakamkaripia baadaye. Shangazi Nevena alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Ulisema mbele ya watu wote, na hukulazimishwa. Hilo nalo nimeliona." Bibi Tsona alihamia kwao Zornitsa, akalala kwenye kitanda cha Zornitsa, na Zornitsa akalala kwenye godoro jikoni. Hakulalamika, ingawa Bibi alikoroma mpaka vijiko vikalia.

Kampuni haikulipa chochote, maana bima haikuwepo. Wakazi walichanga wenyewe, wakanunua vigae, na watoto wakapanga mstari ngazini kuvipokezana kutoka chini hadi darini. Zornitsa na Viara walisimama ngazi moja. Babu aliwaelekeza mafundi huku akipiga kelele, naye Shangazi Nevena alimwacha apige, kwa kuwa alijua inampa raha.

Bwana Panov aliporudi, paa lilikuwa zima kuliko lilivyowahi kuwa. Wakazi wote walikuwa chini mlangoni, ila maji hayakuwepo.

"Mimi na maji basi," Bibi Tsona alikataa, kaficha mkono nyuma. "Msinitafutie balaa tena."

Babu akawavuta Zornitsa na Viara karibu yake, akasema kwa sauti ambayo Bibi na majirani wote waliisikia:

"Wanangu, tazameni jengo hili. Mvua ikiingia ghorofa ya nne, haiishii ghorofa ya nne, inashuka. Ndiyo maana tunatia wote kwenye chungu kimoja. Na wivu ni hivyohivyo. Ukimwombea mvua jirani yako wa juu, kumbuka wewe unalala chini yake. Mwenzako akifanikiwa, furahi naye, kwa kuwa paa lake ndilo paa lako. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo."

"Maneno mazuri, mzee Stamen," Bwana Panov alisema. "Ufunguo upo?"

Watu walicheka. Zornitsa hakungoja kicheko kiishe. Alikimbia juu, akarudi na kikombe cha Bibi, kilekile, amekijaza mwenyewe.

"Mwaga, Bibi," alisema. "Safari hii mlango utafunguka." Akafungua kiganja, ufunguo ukaonekana; Shangazi Nevena ndiye aliyekuwa amemrudishia autunze mpaka siku hiyo.

Bibi Tsona alimtazama, akautazama ufunguo, akautoa mkono wake nyuma. Alimwaga nusu kikombe tu, kwa tahadhari, nusu iliyobaki akainywa. Zornitsa akayavuka maji, Viara akayavuka nyuma yake, wakampa Shangazi Nevena ufunguo na kupanda naye ngazi kwenda kumfungulia mkaguzi mlango.